Mke wa Ibilisi na Kuku wa Plasta

Mlango ulibishwa mara ya tatu, na safari hii bawaba zikalia.

Ndiyo, ni mlango uleule. Mwanamke wa watu mmemwacha juma zima amesimama katikati ya jehanamu ya kadibodi, kopo la bati kifuani, macho mlangoni, nanyi mkaenda zenu kulala. Haya, tumfungulie.

Lakini kwanza, kwa heshima ya yule msomaji aliyefungia sabuni gazeti la juma lililopita: mwanamke huyu ni mke wa Ibilisi. Si tusi, wala si fumbo. Ni mke wake wa ndoa. Alitoka nyumbani bila kuaga, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu aliyetulia muda wa kutosha kuagwa. Akafika mjini, akapanga chumba chenye dirisha moja na msumari mmoja wa kutundikia nguo, akatafuta kazi. Kazi aliyoipata ni kuigiza katika filamu ya vichekesho. Nafasi aliyopewa: mke wa Ibilisi. Nusura aikose, maana Dairekta alimwona hana uzoefu.

Pale kazini wanamwita Mama Makaa, kwa sababu ya lile kopo asiloachana nalo. Ndani yake mna kaa moja la moto alilolichota jikoni kwake siku ile aliyoondoka. Likiwaka, njia ya kurudi ipo. Likizima, atakuwa mwanamke kama wanawake wengine, wa kuzeeka na kuumwa magoti, na wanawe hatawaona tena. Asubuhi hiyo kaa lilikuwa limebaki kama punje ya mahindi.

Ndipo Fundi Vicheko, mwigizaji wa nafasi ya Ibilisi, alipobandika ndevu zake kwa gundi ya mbao, midomo ikashikana, akakimbizwa hospitali huku analia kwa pua. Filamu ikabaki haina Ibilisi. Na mlango ukabishwa.

“Hodi!” ilisema sauti ya nje.

Mama Makaa aliijua sauti ile kama mtu anavyolijua jino lake bovu.

“Msifungue,” alinong'ona.

“Karibu!” akapaza Dairekta.

Hivyo ndivyo ilivyo siku zote. Yule bwana haingii asipokaribishwa, na binadamu hawajawahi kumwangusha.

Akaingia mwanamume mrefu, koti la kijivu, viatu vimepigwa rangi hadi vinaonyesha dari. Hakuwa na pembe wala mkia. Alikuwa na upara mdogo unaoanza kisogoni, ambao mkewe hakuwahi kuuona, kwa sababu kila alipokiona kisogo chake kilikuwa kinatoweka.

“Wewe ndiye uliyetumwa na wakala?” aliuliza Dairekta.

“Nimekuja mwenyewe.”

“Safi! Huo ndio moyo wa sanaa. Umewahi kuigiza Ibilisi?”

“Kuigiza? Hapana.”

“Lakini unamjuajua?”

“Kidogo.”

Dairekta akamzunguka kama mtu anayenunua mbuzi kwa mkopo. Akamtazama meno. Akatikisa kichwa.

“Sura yako haina ushetani hata kidogo, mzee wangu. Umekaa kama karani wa posta. Lakini jua linakwenda, na ghala hili ni la kukodi. Mpambaji! Mpake huyu uovu usoni, upesi!”

Mama wa chai akampita, akamtilia kikombe mkononi. “Kunywa, mzee, nje kuna baridi.”

Mgeni akakitazama kikombe kama mtu aliyepewa nyoka.

“Nami nitakupa nini?”

“Utanipa kikombe changu ukimaliza.”

“Kikombe tu?”

“Kwani unataka kunipa nini kingine?”

“Nafsi, kwa mfano.”

“Sukari iko pale mezani,” alisema mama wa chai, akaenda zake.

Bwana Mkubwa, maana hivyo ndivyo mkewe alivyozoea kumwita, alibaki amekishika kikombe kwa mikono miwili. Tangu dunia iumbwe hakuna aliyewahi kumpa kitu bila yeye kuanza.

Mpambaji akamkalisha kwenye kiti kilicho mbele ya kioo, jirani kabisa na Mama Makaa. Akachovya brashi kwenye rangi nyekundu. Na hapo, juu ya kichwa cha binti wa watu asiyejua lolote, mke na mume wakaonana kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

“Wewe,” alisema Bwana Mkubwa. Hilo ndilo jina alilomwita siku zote.

“Bwana Mkubwa.”

“Umekonda.”

“Nawe kumbe una upara. Umefuata nini?”

“Moto umezima.”

“Moto upi?”

“Wote.”

Brashi ikasimama. “Jamani!” alisema Mpambaji. “Kumbe mnafanya mazoezi. Endeleeni, msinijali.”

Watu husema moto wa kule ni wa milele. Ni kweli, kama vile uji wa asubuhi ulivyo wa milele: upo kila siku kwa sababu kuna mtu huamka kabla ya wengine. Mama Makaa ndiye aliyekuwa akiinama alfajiri, kupuliza, kuchochea, kuondoa majivu. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo wote wakadhani moto unajiwasha.

“Na watoto?” aliuliza, sauti imeshuka.

“Kiburi anasema hasikii baridi. Anatetemeka mpaka meno yanagongana, lakini anasema hasikii.”

“Husuda?”

“Anachungulia madirishani mwa watu, aone nani ana blanketi nzito.”

“Na kitinda mimba wangu?”

“Uvivu?” Bwana Mkubwa akashusha pumzi. “Uvivu hajajua kama umeondoka. Bado hajaamka.”

Mpambaji akaangua kicheko, rangi ikamruka Ibilisi hadi sikioni. Mama Makaa naye midomo ilimcheza. Angecheka. Alikuwa karibu kabisa kucheka, lau mumewe asingefungua tena kinywa.

“Nimekuja kuchukua lile kaa la moto,” alisema.

Kicheko kikafia kooni.

Kaa! Kumbe kafuata kaa. Mwanamke amepanda na kushuka ngazi za watu, amelala kwenye chumba ambamo kikombe ni kimoja na kijiko ni kimoja, na kila alipoyasikia mabuti nje roho ikamruka akidhani anafuatwa. Naam, amefuatwa. Kwa ajili ya kilichomo kwenye kopo.

“Lina thamani, ee?” alisema polepole. “Afadhali lenyewe.”

“Wewe, sikiliza—”

“Waigizaji wote kwenye seti!” akapiga kelele Dairekta.

Seti yenyewe ilikuwa chumba cha kulia cha familia ya Ibilisi. Kuta za kadibodi zilizopakwa wekundu. Feni sakafuni inayopepea vitambaa vya rangi ya chungwa, ndiyo miali. Meza ndefu yenye viti vitano na sahani tano, na katikati, juu ya sinia, kuku mzima wa plasta, amepigwa vanishi mpaka anang'aa kuliko kuku yeyote aliyewahi kuliwa.

Msinicheke nikiwaambia kwamba Mama Makaa aliipenda jehanamu hii ya uongo kuliko ile ya kweli. Kwake hapakuwa na meza. Tangu waoane mumewe hakuwahi kumaliza sahani moja mbele yake. Tonge la pili likiwa mkononi, mahali fulani ulimwenguni mtu anaanza kushawishika, na kazi imeshamvuta. Kinachobaki ni kiti kitupu kinachofuka moshi. Watoto nao wakaiga. Kila mmoja na mlango wake, kila mmoja na moto wake. Mama akawa anasimama kwenye ukumbi, anakula kwa kusimama, kama mlinzi wa zamu.

“Sikilizeni,” alisema Dairekta. “Watoto wametoka, wameenda kuwashawishi watu. Mke na mume wamebaki wawili mezani. Kwa mara ya kwanza Ibilisi anamgeukia mkewe anamwambia: ‘Mke wangu, unataka nini?’ Mama Makaa unajibu: ‘Nataka uoshe vyombo!’ Watazamaji wanaanguka chini kwa kicheko. Rahisi. Aksheni!”

Bwana Mkubwa akamgeukia mkewe. Akakohoa.

“Mke wangu,” alisema, “unataka... chumvi?”

“Kata! Si chumvi, mzee. Nini! Aksheni!”

“Mke wangu, kuku anaendeleaje?”

“Kata!”

“Mke wangu, hali ya hewa leo—”

“Hali ya hewa? Ndani ya jehanamu?” Dairekta akaivua kofia yake, akaipigiza gotini. “Maneno manne, mzee wangu! Mke. Wangu. Unataka. Nini. Kasuku angekuwa ameshayashika!”

“Samahani,” alisema Bwana Mkubwa. “Hivyo vyombo... nitaviosha kwa muda gani?”

“Aksheni!”

“Mke wangu, unataka...”

Akakwama hapo, kinywa wazi, kama mwanafunzi aliyeinuliwa kughani shairi ambalo alisema amelihifadhi. Jasho likamtiririka na wekundu wa Mpambaji, likatona juu ya kitambaa cha meza. Baba wa uongo mwenyewe, ambaye amemghilibu kila mtu mwenye masikio, alikuwa ameshindwa na neno moja.

Wote waliona mwigizaji mbovu. Mama Makaa aliona kitu kingine, na damu ikamsisimka.

Maana kazi ya Ibilisi, ukiiondolea mapambo yote, ni swali moja tu: unataka nini? Hilo ndilo jembe lake, ndiyo ndoana yake. Nalo lina sheria moja, ambayo hata yeye haiwezi: likishatoka kinywani mwake na likajibiwa, lazima atimize. Malipo huyakusanya baadaye, lakini kutimiza lazima atimize. Amewauliza wafalme. Amewauliza wachuuzi. Amemuuliza hata kinyozi mmoja mzee aliyetaka mikasi isiyopoteza makali.

Mkewe hakuwahi kumuuliza.

“Mapumziko!” alisema Dairekta kwa sauti ya mgonjwa. “Nusu saa. Mzee, jifunze hilo neno moja. Ninakuomba kwa jina la mama yako.”

“Sina mama.”

“Inaonekana!”

Wafanyakazi wakatawanyika kwenye magodoro makuukuu, maana ghala lile zamani lilikuwa la magodoro, wakafungua vikopo vyao vya chakula. Na simu zikaanza. Ilikuwa hivyo kila mchana. Mpiga kamera: “Nimekula, mama. Ndiyo, nimevaa sweta.” Mpambaji: “Nakula, mpenzi, nawe je?” Dairekta mwenyewe, simba wa aksheni, amejificha nyuma ya spika: “Nimekula, mke wangu, nimemaliza zote, hata zile mboga.”

Mama Makaa alikuwa na simu. Aliiokota ikiwa mbovu, haina hata laini. Kila mchana aliiweka sikioni ili asionekane amekaa bure.

“Nimekula, ndiyo,” aliiambia simu. “La, sijambo. La, siwezi kukaa sana, nipo na watu.”

Kivuli kikaanguka juu yake.

“Unazungumza na nani?” aliuliza Bwana Mkubwa.

Akaishusha simu. Aibu ilimpanda usoni mpaka akajisikia joto, joto ambalo hakuwa nalo kwa majuma mengi.

“Si kazi yako.”

“Hiyo simu imekufa.”

“Na wewe unanichungulia! Haya, njoo huku.”

Akamvuta kwa mkono wa koti mpaka nyuma ya ukuta wa kadibodi, upande ambao haukupakwa rangi, ulioandikwa USIINAMISHE. Hapo hapakuwa na miali. Ndoo za rangi tu, na ngazi iliyovunjika.

“Niambie,” alisema Mama Makaa. “Neno moja linakushinda nini? Umemuuliza kinyozi! Kinyozi, Bwana Mkubwa! Mimi nimekupikia tangu milima haijapoa. Hujaniuliza hata siku moja, hata kwa kukosea.”

“Nisingeweza.”

“Kwa sababu kwangu hakuna cha kulipwa?”

“Kwa sababu ungejibu.” Bwana Mkubwa aliangalia viatu vyake vinavyong'aa. “Watu wote ninaowauliza ninajua watasema nini. Ndiyo kazi. Wewe sikujua. Niliogopa utasema unataka kuondoka, nami ningelazimika kukufungulia mlango kwa mkono wangu.”

“Nikaondoka bila kuulizwa,” alisema Mama Makaa.

“Ukaondoka bila kuulizwa.”

“Na wewe ukakimbia tu, huku na huku, sahani baada ya sahani.”

“Huwa sikimbii. Ninavutwa. Mtu akianza kuyumba popote pale, kazi inanivuta kama samaki kwenye ndoana. Hujawahi kuona kiti kinavyoungua? Ni mimi ninayeng'ang'ania.”

Hilo lilimpata pabaya. Miaka yote ile ya viti vinavyofuka moshi. Alidhani ni haraka.

Lakini mwanamke aliyedanganywa na mtaalamu haachi kujilinda. Akalipakata kopo lake.

“Maneno matamu. Yote haya ili nikupe kaa.”

“Watoto wanatetemeka, wewe.”

“Basi niulize. Kamera ikiwaka, niulize, uone nitasema nini. Ukishindwa, nalimwagia maji mbele ya macho yako.”

“Huwezi!”

“Niulize kama naweza.”

Bwana Mkubwa akafumba kinywa. Hilo nalo lilikuwa swali.

“Sehemu zenu!” ikalia sauti ya Dairekta.

Wakakaa. Taa zikawaka. Feni ikaanza kupepea miali. Mama Makaa akaliweka kopo chini ya meza, kati ya miguu yake, na pembeni yake bilauri ya maji. Mumewe aliiona ile bilauri.

“Mara ya mwisho,” alisema Dairekta. “Baada ya hii nauza kamera nafuga kuku. Aksheni!”

Mama wa chai akaacha kusuuza vikombe.

Bwana Mkubwa akaweka viganja vyote viwili juu ya meza. Akamgeukia. Na kwa sauti ambayo wafalme hawakuwahi kuisikia, sauti ndogo, ya mtu anayebisha nyumba ambayo hana hakika kama bado anajulikana, akasema:

“Mke wangu. Unataka nini?”

Taa zikapepesa. Mpiga kamera vinyweleo vya mikono vikamsimama, akadhani ni baridi.

Sasa mtasema, ana kila kitu mkononi! Dhahabu, falme, ujana, uhuru. Angeweza kusema aachwe. Angeweza kusema dunia nzima. Angeweza hata kufuata skripti, na Ibilisi angekuwa anaosha vyombo hadi siku ya kiyama, jambo ambalo wanawake wengi wangelipigia vigelegele.

Mama Makaa alifungua kinywa, na kilichotoka hakikupita akilini kwanza.

“Nataka uketi hapa,” alisema. “Mezani. Nami. Usiinuke mpaka chakula kiishe.”

Ikasikika feni peke yake.

“Kata!” alifoka Dairekta, akaruka juu. “Hiyo si skripti! Hiyo ni bora kuliko skripti! Mmeona macho ya mzee? Mmeona? Aliyeandika skripti nimfukuze!”

“Ni wewe uliyeiandika, bosi,” alisema mpiga kamera.

“Nimejifukuza! Haya, tumemaliza, zimeni taa, nendeni kwenu kabla sijabadili mawazo!”

Wakakusanya nyaya, wakavua makoti, wakaagana kwa kelele. Mpambaji akaja na kitambaa na mafuta ya kufutia rangi.

“Inuka, mzee, nikufute.”

Bwana Mkubwa akajaribu kuinuka. Hakuinuka. Akashika ukingo wa meza, akasukuma. Meza ikasogea, yeye hakusogea.

“Nitajifuta mwenyewe,” alisema kwa heshima zote.

“Miguu imekufa ganzi, ee? Hivyo viti ni vibaya. Kwaherini basi.” Akawatazama mmoja mmoja, akakunja uso. “Mnajua, ninyi wawili mnagombana kama mtu na mkewe.”

Mama wa chai ndiye aliyetoka mwisho. Bwana Mkubwa akamnyooshea kikombe, kitupu, kimefutwa kwa leso, kwa fahari ya mtu anayelipa deni.

“Aa, kaa nacho,” alisema mama wa chai, mikono yake imejaa masufuria. “Utanipa kesho.”

Mlango ukafungwa. Mwanga wa jua la alasiri ukabaki unaingia kwa juu, kwenye vioo vichafu, ukiangukia kuta za kadibodi.

“Kesho,” alirudia Bwana Mkubwa polepole, kama neno la lugha ya kigeni.

Mama Makaa hakumsikia. Alikuwa anamwangalia kuku.

Katika kumtaka mumewe mezani, alisahau kilichomo mezani. Mpaka chakula kiishe, alisema. Na chakula kilikuwa cha plasta.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi hayakuisha, maana aliinama kulitazama kopo. Kaa lilikuwa limefifia. Halikuwa tena punje ya mahindi. Lilikuwa punje ya mchele.

“Nenda,” alisema mumewe.

“Nini?”

“Chukua kopo, uende. Likiwahi kufika jikoni likiwa hai, utaliwasha. Watoto watapata joto. Wewe unajua kupuliza, mimi sijui.”

“Na wewe je?”

“Mimi nitakula.”

Naye, wasomaji, akavuta sinia. Akashika kisu. Akakata paja la kuku wa plasta, akalitia mdomoni.

Krrk.

Meno yaliyotafuna ahadi za mataifa yakatafuna vanishi. Vumbi jeupe likamjaa mdomoni. Akala paja la pili. Akala shingo. Akala kidari, kwa taabu, akisukumia na maji ya ile bilauri.

Mama Makaa alisimama na kopo lake, akimtazama. Ona anavyofanya haraka! Ona anavyobugia ili awe huru! Kitu kimoja tu mkewe ameomba tangu kuumbwa kwake, naye anakitafuna ili kiishe. Kazi inamngoja. Siku zote kazi inamngoja.

“Taratibu,” alisema kwa uchungu. “Utapaliwa.”

Mgongo wa kuku ukaenda. Kipapatio cha kulia kikaenda. Ikabaki sinia, na juu yake kipapatio kimoja cha kushoto, kidogo kama kidole gumba.

Akakichukua kwa uma. Akakitazama.

Akakirudisha.

Akaweka uma chini, akajifuta mdomo, akaegemea.

“Nimeshiba,” alisema.

“Hujamaliza.”

“Najua.”

“Kimebaki kipapatio, Bwana Mkubwa. Ukikila unaondoka.”

“Najua,” alirudia. Akakisogeza kile kipapatio katikati ya sinia, kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke. “Chakula hakijaisha.”

Mama Makaa akakaa. Kopo likawa mezani kati yao, linatoa mwanga mwembamba kuliko wa sigara. Alijua anapaswa kukimbia nalo. Alijua kila pumzi anayovuta pale ni njia inayofungwa. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumbakizia kitu.

Mumewe akakohoa vumbi.

“Mke wangu,” alisema. “Umeshindaje?”

Swali halikuwa na ndoana. Lilikuja tu, likakaa juu ya meza kama kikombe cha chai. Mama Makaa akatafuta pa kuanzia. Alikuwa na leo ya kusimulia, na jana, na ile miaka yote ya ukumbini. Akavuta pumzi.

Upepo wa baridi ukapita kisogoni mwake.

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Nyuma ya bega lake ikasikika pumzi nzito, na juu ya bega likapita jikono kubwa lenye manyoya, linaburuta shuka, likanyoosha vidole kuelekea kwenye sinia.

“Mama,” ilisema sauti nzito ya usingizi, “nimehisi baridi. Kuna nini cha kula?”

Uvivu alikuwa ameamka.

“Mwanangu, usi—!”

Krrk.

Akatafuna mara moja, akameza, akapiga miayo. Na kiti cha Bwana Mkubwa, huku mwenyewe ameng'ang'ania meza kwa mikono miwili na bado hajajibiwa, kikaanza kufuka moshi.